Saa za kale na hewa ya chumvi ya Tanga

Masika yakikatika, kutu huanza kujionyesha kwenye saa za kale. Nyingi ya saa za mkono zilizotangulia mwaka 1926, Rolex walipotoa Oyster, saa yao isiyopitisha maji, hazina kinga pale kijiti cha kutilia ufunguo kinapoingia, na hewa yetu ya chumvi haihitaji tundu kubwa. Ndiyo maana naona mnunuzi wa Pwani atazame ndani kwanza, jina la usoni lifuate. Vumbi jekundu kuzunguka kijiti ni kutu. Ikishafika kwenye meno ya magurudumu, ni heri kuiacha saa hiyo.

Ninazozipenda zaidi ni zile za fedha za miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, vita vilivyofika hapa Tanga Novemba 1914. Nyuso zake nyingi ni za enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya bamba la shaba, ndiyo maana weupe wake haufifii. Zielekeze kwenye mwanga wa pembeni, utauona ufa mwembamba unaotoka katikati. Ufa huo hautibiki, lakini naukubali kuliko uso uliopakwa rangi upya. Mihuri ya kuthibitisha fedha nayo isomwe: kuanzia Juni 1907 makasha ya fedha yaliyoingizwa Uingereza kutoka Uswisi yalipaswa kugongwa mihuri huko, na herufi yake hutaja mwaka wa kugongwa.

Ukikuta alama FB, hilo ni kasha la François Borgel, aliyepata hataza yake mwaka 1891. Mgongo wake haufunguki kabisa! Inasikitisha kuona fedha iliyobonyezwa na kisu cha mtu aliyelazimisha. Vuta kifundo cha ufunguo nje, kisha zungusha ukingo wa kioo kinyume cha akrabu. Mashine yote itatoka kwa mbele.

Rangi ya kahawia kwenye namba na akrabu mara nyingi ni radiamu, elementi yenye mionzi. Haing'ai tena kwa sababu chembe za salfaidi ya zinki zimechoka, ila radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Usiikwangue, usiipulize. Vumbi lake likiingia mwilini ni hatari.

Kwa fundi, uliza anatumia kitu gani kusafishia. Kuichovya saa nzima kwenye petroli bila kuifungua huacha uchafu kwenye mawe, pale ncha za mihimili zinapozungukia. Spiriti ni mbaya zaidi: huyeyusha gundi ya lakiri inayoshika vijiwe vya nanga, kile kipande kinachozuia na kuachia magurudumu. Ukiletewa saa, ilaze uso juu, kisha uso chini. Gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku, likipiga kwa nguvu upande mmoja na kulegea upande wa pili, ncha moja imelika au imepinda. Ncha hizo zina unene wa takribani milimita 0.1, na saa za wakati huo hazina kinga ya mshtuko, hivyo kuanguka kutoka mezani kunatosha kuzivunja.

Hifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Mkanda wa ngozi uvuliwe kwanza, maana ngozi hutunza jasho. Na waya wa kushikia mkanda uliolehemiwa kwenye kasha usikatwe ili kuweka vijiti vya kisasa vya mkanda. Tafuta mkanda unaopitishwa chini ya waya.