Nilivyomkamata fuko, na ule ushauri wa maji usiufuate

Mihogo yangu huku Kongo, njia ya mji wa Kipushi, ilikuwa inanyauka shina moja moja. Ukivuta, linakuja jepesi kama fimbo, chini hakuna kitu, fuko amekula. Sombe, yaani majani ya mihogo, tulikula mpaka watoto wakanung'unika.

Jirani mmoja, ambaye hata shamba hana, akaniambia nimwage maji shimoni. Nikamlipa kijana wa baiskeli aniletee bidoni, yaani madumu ya maji, franga elfu kadhaa, na sitaki kukumbuka ngapi. Bidoni kumi na tano! Udongo ukanywa zote, fuko hata chafya hakupiga. Asubuhi nikakuta vifusi viwili vipya, kimoja palepale niliposimama jana. Moshi wa pilipili nao, tulikohoa sisi.

Mzee mmoja wa mashamba ya jirani akacheka. "Papa, fuko hatafutwi. Anakuja mwenyewe." Akaitoboa njia yake kwa jembe, upepo na mwanga vikaingia. Fuko havumilii nyumba iliyo wazi, lazima arudi kuziba. Hatua moja nyuma ya tundu, mzee akachimba mpaka ukabaki udongo mwembamba juu ya njia, akasimama jembe juu. Usitembee-tembee, anasikia mtikisiko wa miguu. Basi mimi nikapiga chafya. Mzee akaniangalia kama nimemtukana mamake. Tukaanza upya kwingine, karibu saa nzima, mgongo unauma, ndipo udongo ukaanza kusukumwa kutoka ndani. Pu! Jembe likashuka nyuma yake, njia ya kurudi ikakatika.

Ana meno! Yametokea nje, midomo inafunga nyuma yake, ndiyo maana anachimba kwa meno bila kumeza udongo. Buti langu lina alama mpaka leo.

Binti yangu anayesoma mambo ya wanyama akamgeuza-geuza. "Papa, huyu si ndugu wa fuko wa Ulaya, yule anakula nyungunyungu. Huyu ni wa jamii ya panya, familia ya Bathyergidae. Kwa ukubwa huu ni Fukomys mechowii." Zamani aliwekwa kwenye kundi la Cryptomys, mwaka 2006 wataalamu wakatenga kundi lake na kulipatia jina Fukomys, kutoka neno letu, fuko, wakaongeza mys, panya kwa Kigiriki. Tangu siku hiyo nasimulia kana kwamba waliniuliza mimi.

Kisha akaniharibia furaha: wanaishi pamoja kama ukoo, na mama anayezaa ni mmoja tu. Kumbe nilikamata kibarua, malkia bado yuko chini na mihogo yangu. Wiki hiyo nikakamata wengine wanne, peke yangu, bila chafya.