Hamira inayonenepa kwa njaa

Mabua ya mtama niliyoanza nayo niliyatoa Kongwa, shambani kwa mjomba, naye hakufurahi. "Wewe unayaita taka. Kiangazi kikikolea ng'ombe wangu watakula nini, madaftari yako?" Hakukosea. Ugogoni mabua ni malisho. Lakini nilishafunga magunia mawili, nikapanda nayo basi hadi mjini Dodoma.

Utafiti wangu wa chuo ulikuwa kutengeneza dizeli kwa mafuta ya hamira. Si ile ya maandazi. Hii inaitwa Rhodotorula, ina rangi kati ya waridi na karoti, na mafuta inayojiwekea mwilini yanaweza kupita asilimia 20 ya uzito wake ikishakaushwa.

Mabua yalinitesa. Sukari yake imefungwa ndani ya nyuzi, kwa hiyo nilisaga gunia la kwanza nikawa nachemsha kidogo kidogo kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ndani ya chombo cha presha, nyuzijoto 121. Ukatoka mchuzi wa kahawia unaonukia kama lozi. Kumbe harufu hiyo ni furfurali, sumu inayozaliwa sukari ya mabua inapozidiwa na joto na asidi. Nilituliza asidi kwa chokaa, nikapanda hamira. Siku ya nne mchuzi ulikuwa vilevile, hakuna kilichoota.

Nikahamia makapi ya zabibu. Fundi wa mvinyo niliyemwendea aliuliza, "Unataka ya mvinyo mweupe au mwekundu, dada?" Swali hilo liliniokolea miezi. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, sukari yote inaishia kuwa pombe. Zabibu za mweupe hukamuliwa kwanza, makapi yanabaki na utamu. Niliyaloweka kwenye maji ya moto, nikachuja, basi.

Halafu huruma ikaniponza: nikaongeza yurea, ile mbolea yenye naitrojeni, ili hamira ile vizuri. Ilizaana mpaka chupa ikawa nzito kama uji. Mafuta? Karibu hakuna. Msimamizi wangu alisoma daftari akacheka. "Umeishibisha, mwanangu. Ikiwa na naitrojeni inajenga protini na kuzaa. Ikikosa, haiwezi kuzaa, na sukari inayoendelea kula inaigeuza akiba." Nikaacha yurea, nikapanga kaboni, ile ya sukari, iwe karibu mara 100 ya naitrojeni. Safari hii, chini ya hadubini, kila seli ilikuwa na matone yanayong'aa ndani.

Sabuni nayo niliipata, bila kuitafuta. Hamira haikukauka sawasawa, na mafuta yake yalikuwa na asidi huru za mafuta, ambazo alkali huzigeuza sabuni. Nilipotia methanoli, pombe inayogeuza mafuta kuwa dizeli, pamoja na alkali ya potasiamu haidroksidi, vyote vikaganda povu. Nikarudia: kukausha usiku kucha, kutoa mafuta kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kisha methanoli na asidi kwanza badala ya alkali. Gliseroli, uteute unaobaki mafuta yakigeuka dizeli, ikashuka chini, dizeli ikaelea juu, ya manjano.

Ilijaa kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi. Hata mambo yakienda vizuri, kilo 1 ya sukari hutoa kama gramu 200 tu za mafuta, na alizeti haihitaji chombo cha presha.

Mjomba alikinusa kichupa, akauliza kama gunia la pili la mabua bado lipo. Lilikuwepo. Nilimrudishia.