Kimya cha Mtoto Katika Darasa la Lugha Mbili

Tangu nianze kufundisha watoto wadogo katika shule ya lugha mbili ughaibuni, swali ninaloulizwa na wazazi kuliko mengine yote ni kwa nini mtoto wao, ambaye nyumbani hanyamazi, darasani hasemi neno. Huwajibu kwamba mtoto anayekutana na lugha mpya huweza kukaa kimya kwa wiki kadhaa, pengine miezi, huku akisikiliza na kuhifadhi anayoyasikia, na kimya hicho peke yake si dalili ya ugonjwa wala ya uzito wa akili.

Ninachokitazama ni vitendo vyake. Ninapowaambia watoto warudishe penseli za rangi koponi kisha waketi, yule asiyesema kwanza huwachungulia wenzake na kuwaiga. Baada ya muda huanza kuinuka kabla yao, na hapo najua kwamba ameyaelewa maneno yenyewe. Kumlazimisha atamke mbele ya darasa zima humrudisha nyuma, ilhali nyimbo za pamoja humpa nafasi ya kujaribu sauti bila macho yote kumwelekea.

Kuchanganya lugha katika sentensi moja hakunitii hofu (watu wazima pia hufanya hivyo). Kinachonisikitisha ni mzazi anayeacha kuzungumza lugha ya nyumbani akidhani anamsaidia mwanawe, kwa kuwa msamiati na hadithi alizozipata mtoto katika lugha ile ndizo anazozitegemea anapojifunza ya pili.