Kufungasha programu ya C iwe furushi la .app: nilivyofanya kwa duka la uchapishaji Ngamiani, Tanga

Programu yenyewe, Kadirio, inakadiria karatasi na wino kwa kila oda. Nimeiandika kwa C na dirisha lake linatumia SDL2, maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya kuchora madirisha. Dukani kuna Mac zenye prosesa za Intel (x86_64) na zenye prosesa za Apple (arm64), na wanaokaa kaunta hawaijui Terminal, dirisha la kuandika amri, wala hawapaswi kuijua: wanabofya aikoni, kazi inaanza.

Furushi la .app ni folda tu. Ndani yake kuna Contents yenye Info.plist (faili la maelezo ya programu), kisha MacOS (programu), Resources (fonti, picha, aikoni) na Frameworks (maktaba). Kwenye Info.plist usikose CFBundleExecutable, ambalo lazima lilingane na jina la faili lililo ndani ya MacOS, CFBundleIdentifier, CFBundlePackageType yenye thamani APPL, CFBundleIconFile, LSMinimumSystemVersion, na NSHighResolutionCapable. Hili la mwisho wengi hulisahau, maandishi yakatoka na ukungu. Ukimaliza, ikague kwa `plutil -lint`. Aikoni ni PNG 10 kwenye folda ya .iconset, kuanzia pikseli 16 hadi 1024, halafu `iconutil -c icns`.

Kazi kubwa iko kwenye maktaba. `otool -L` ilinionyesha kwamba programu inaitafuta libSDL2-2.0.0.dylib (faili la maktaba ya SDL2) kwenye njia inayoanza na /opt/homebrew, folda ya Homebrew, kisakinishi cha programu nilichotumia. Kwenye kompyuta yangu ipo. Kaunta haipo, kwa hiyo programu ingezima kabla hata dirisha halijatokea. Tena maktaba ya Homebrew ni ya aina moja tu ya prosesa. Ndiyo maana niliikompaili SDL2 mwenyewe kutoka kwenye chanzo, nikiipa CMake, zana ya kuandaa ujenzi, `-DCMAKE_OSX_ARCHITECTURES="arm64;x86_64"` na `-DCMAKE_OSX_DEPLOYMENT_TARGET=11.0`. Programu nayo niliijenga kwa `-arch arm64 -arch x86_64 -mmacosx-version-min=11.0`. `lipo -info` ikitaja arm64 na x86_64 zote mbili, endelea.

Nakili dylib kwenye Frameworks, kisha badilisha njia:

`install_name_tool -change <njia ya zamani> @executable_path/../Frameworks/libSDL2-2.0.0.dylib Kadirio.app/Contents/MacOS/Kadirio`

Njia ya zamani inakiliwe herufi kwa herufi kutoka `otool -L`. Ukikosea, amri haigombi wala haibadilishi kitu. Usiridhike kwa kuwa programu imefunguka kwako; iendeshe na `DYLD_PRINT_LIBRARIES=1` uone SDL2 inapakiwa kutoka wapi hasa.

Jambo jingine ni folda ya kuanzia. Ukiendesha kutoka Terminal uko kwenye folda yako, lakini Finder (kidirisha cha faili cha Mac, ambako aikoni hubofywa) huianzisha programu kwenye `/`. Basi `fopen("fonti.ttf", "rb")` iliyofanya kazi vizuri kwako itarudisha NULL kaunta. Tumia SDL_GetBasePath(), ambayo ndani ya furushi hurudisha Resources. Kumbukumbu za oda ziende kunakoelekezwa na SDL_GetPrefPath(), kamwe zisiandikwe ndani ya furushi, maana zitaharibu sahihi ya kidijitali ambayo Mac huikagua.

Sahihi huja mwisho kabisa, kwa sababu install_name_tool huibatilisha ile iliyopo, na Mac zenye prosesa za Apple huiua papo hapo programu ya arm64 isiyo na sahihi halali. Anza na dylib, kisha furushi zima: `codesign --force -s - Kadirio.app`. Hakiki kwa `codesign --verify --deep --strict`.

Kusafirisha, tumia `ditto -c -k --keepParent Kadirio.app Kadirio.zip`, na zip hiyo isifunguliwe na kufungwa upya kwenye Windows njiani, ruhusa ya kuendesha hupotea. Sahihi ya `-` haina uthibitisho wa Apple, ambao unadai uanachama wa dola 99 kwa mwaka. Kwa duka moja naona si lazima. Faili likipakuliwa kwa kivinjari huwekewa alama ya karantini, na Mac italizuia. Tangu macOS 15 kubofya huku umeshika Control hakusaidii tena; nenda System Settings, Privacy & Security, ubonyeze Open Anyway, au uondoe alama hiyo kwa `xattr -dr com.apple.quarantine Kadirio.app`. Ni mara moja tu kwa kila kompyuta, hadi utakapopeleka toleo jipya.