Nilivyopata wadhamini 30 Lindi, nyumbani kwa mpinzani

Mwaka 2015 wanachama 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais, wakarudisha 38. Mimi nilishika mkoa wa Lindi kwa niaba ya mtia nia mgeni kabisa, jina ambalo balozi wa nyumba kumi alilazimika kulirudia mara mbili ili alitamke. Na Lindi ni kwao Bernard Membe, mtia nia mwenzake, wakati huo mbunge wa Mtama na waziri wa mambo ya nje tangu 2007.

Masharti yalikuwa haya: fomu sh. milioni 1, wadhamini 450, yaani wanachama wa kumsainia mtia nia fomu, kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ya Zanzibar. Kila mkoa watu 30. Fomu zilianza kutolewa 3 Juni, mwisho wa kurudisha 2 Julai. Ukitoa siku za boti na za kungoja, kila mkoa unabakiwa na siku moja na nusu. (Wengi huchanganya na wadhamini wa Tume ya Uchaguzi. Wale ni wapiga kura 200 kwa kila mkoa katika mikoa 10, na wanatafutwa chama kikishamaliza kuteua.)

Sikutafuta 30, nilitafuta 45. Katika kila majina kumi, mawili au matatu yataharibika, na sababu ni zile zile. Kadi inasema Mohamedi Hamisi Mohamedi, mwenyewe anajiandika Mudi Hamisi. Namba ya kadi imefutika kwa jasho. Kadi iko kwa mtoto Dar es Salaam. Ada imelala miaka. Kwa hiyo kadi kwanza, kalamu baadaye: namba nainakili mimi mwenyewe kutoka kwenye kadi, jina naliandika kama lilivyo kwenye kadi, ndipo mtu anasaini. Anayesema namba anaikumbuka kichwani, namshukuru na kumuaga.

Nani wa kumfuata? Kosa la wageni ni kuanzia kwa viongozi wa matawi. Kiongozi wa tawi ana macho ya wenzake mgongoni, na kwa mpinzani mkongwe ameshaahidi zamani. Nilianza na wanachama wa kawaida wenye kadi za siku nyingi: kina mama wa vikoba, mafundi cherehani, wazee wa kijiweni. Lindi mjini tulilenga 25, Mtanda, Mikumbi na Ng'apa. Ishirini waliobaki walitoka Nachingwea, na kwa barabara kuu huendi Nachingwea bila kupita Mtama. Tulipita bila kuzima gari.

Muda ndio uliotutesa. Juni ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho na kuvuna ufuta, hivyo asubuhi humkuti mtu nyumbani. Katikati ya mwezi Ramadhani ikaingia. Saa nzuri zikabaki mbili: baada ya alasiri mpaka karibu na kufuturu, na baada ya tarawehe. Usiku beba tochi, maana saini iliyoandikwa gizani hutoka nje ya mstari na kumkanyaga jirani. Mtu aliyetoka kupuliza mwombe anawe kwanza. Salfa ikigusa karatasi inaacha vumbi la njano, na kidole gumba chenye salfa hakishiki wino. Kidau cha wino nacho hukauka kwa joto la pwani, kwa hiyo nilibeba viwili, na kalamu sita za bluu za aina moja.

Maneno ya kuombea saini yawe machache. Mzee mmoja wa Ng'apa, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza:

"Mjukuu wangu, sisi mtoto wetu si yupo? Huyo wako wa nini?"

"Yupo, babu, na kura yako ni ya kwake ukitaka. Mimi naomba udhamini tu, jina la mtu wangu lisikwamie mlangoni."

Akacheka, akamwita mkewe alete kadi. Kumsema vibaya mtoto wa nyumbani kungetufungia mtaa mzima. Nauli na "chai" sikutoa. Ukimlipa mmoja, wa pili anataka mara mbili, na wa tatu anakwenda kukushitaki kwa rushwa. Na aliyekwisha kumsainia mtia nia mwingine nilimwacha, hata aking'ang'ania.

Kabla ya kuondoka mkoani toa nakala ya kila karatasi. Umeme ukikatika, lala hapo hapo ungoje. Karatasi moja ikilowa ndani ya boti ya Unguja, mkoa mzima umepotea.

Majina 45 yalichujwa yakabaki 36. Sita ya ziada hayana faida yoyote, ingawa mwaka ule kuna aliyekusanya wadhamini mamia ya maelfu kwa mbwembwe na ngoma, Edward Lowassa, na Kamati Kuu ikalikata jina lake Dodoma. Letu nalo lilikatwa hapo hapo. Membe aliingia tano bora, tatu bora hakufika. John Magufuli, aliyezunguka kutafuta wadhamini kimya kimya, alipata kura 2,104 za Mkutano Mkuu.