Kiti cha Mbele

Mwaka 2025, redio za Kifaransa zilipokuwa zikirudia habari ya magari yaliyokatazwa kutembea Ufaransa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayotakiwa kukukinga kwenye ajali lakini inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani wa mbali. Wakataja Martinique, Guadeloupe na Réunion, visiwa vya Ufaransa vya nchi za joto. Wakasema wengi waliokufa walikuwa huko, kwenye joto na unyevu. Hapo nikaongeza sauti.

Gari yangu ni ya 2004, usukani kulia. Ilishuka Dar es Salaam ikaja Lubumbashi kwa njia ya Zambia, kama nyingi za mji huu. Tovuti ya Marekani ya kukagua ilitaka namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Yangu ni fupi kwa sababu iliuzwa kwanza Japani. Nikaingia ukurasa wa Kijapani wa kiwanda, simu ikinitafsiria. Jibu: mfuko wa abiria wa mbele umeitwa na kiwanda ubadilishwe, haujabadilishwa. Kule Japani, tangu 2018, magari yenye mifuko ya hatari zaidi ambayo haijabadilishwa hayapiti ukaguzi. Yangu ilikuwa imeshahama zamani. Kama barua ilitumwa, ilikwenda kwa mtu ambaye hata hajui kwamba gari lake la zamani linapita kila siku kwenye mashimo ya Katuba.

Shemeji yangu ni mpiga baruti mgodini, upande wa Kolwezi. Nilipomwambia kwamba ndani ya kile kikopo cha chuma kinachoujaza mfuko gesi mna nitrati ya amonia, alicheka.

"Ile yetu? Ya kupasulia mawe?"

Ndiyo hiyo. Wao huichanganya na mazutu, yaani dizeli. Ila hakukubali haraka. Mgodini, alisema, ikinywa maji inakuwa dhaifu, tundu linakataa kulipuka. Sasa kwenye gari unyevu unaiongezeaje nguvu?

Swali lake lilininyima usingizi kuliko redio. Nilichoelewa baada ya kusoma ni hiki: kwenye gari dawa hiyo imeshindiliwa ikawa vidonge vigumu, ili iungue kwa kipimo na kuujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Unyevu ukiingia, joto likipanda mchana na kushuka usiku, miaka na miaka, vidonge vinalegea na kuvunjikavunjika. Gogo huwaka polepole. Ukilipasua vijiti, linawaka lote kwa mara moja. Gesi inakuja nyingi kuliko kikopo kinavyoweza kubeba, chuma kinapasuka, na vipande vinapenya kitambaa kwenda shingoni na usoni. Shemeji alinyamaza, kisha akauliza kama wale watu hawakuweka kitu cha kunyonya maji humo ndani. Hawakuweka, katika vile vya kwanza kuitwa. Alitukana kidogo, kwa Kifaransa.

Nilijaribu kujifariji. Lubumbashi si Guadeloupe. Tuko juu, karibu mita 1,200, Juni tunavaa makoti. Lakini mvua za Novemba hadi Machi tunazijua, jua la Oktoba nalo tunalijua, na gari lina zaidi ya miaka 20. Pia ni kweli kwamba mifuko mingi ya aina hiyo ikigongwa inafunguka vizuri na kuokoa mtu. Ndiyo maana fundi wangu aliposema, "Papa, tunakata waya, kwisha," sikukubali papo hapo. Ukikata, umemnyima abiria kinga ambayo pengine ingefanya kazi. Fundi mwingine alinipa mfuko wa okazioni, uliotolewa kwenye gari la umri uleule. Huo hata sikuuliza bei.

Mwakilishi wa kiwanda hapa mjini alisema gari halikupitia kwao, basi halipo kwenye vitabu vyao. Tuyaache hayo.

Kuuza? Nilifikiria, na mnunuzi angepatikana kabla ya Jumapili. Asingeuliza lolote kuhusu mfuko. Angeifanya teksi, na teksi za hapa zinabeba wawili kwenye kiti hicho cha mbele.

Kwa sasa tumekubaliana kwamba mbele hapakai mtu. Watoto ni rahisi. Mke wangu naye anakaa nyuma, anasema nimekuwa shoferi wake. Shida ni baba mkwe. Mzee anafungua mlango wa mbele bila kuuliza, na mimi ni nani wa kumwambia akae nyuma na watoto? Nimekuwa nikiweka betri ya zamani juu ya kile kiti nikijidai naipeleka kuchajiwa. Juzi aliniuliza kama betri hiyo itachajiwa lini.

Basi nimeandika kwa wakala mmoja wa kiwanda ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, nikatuma namba ya chesisi na picha. Wamejibu: njoo, kipuri tutaagiza, kubadilisha ni bure. Bure kwao, maana karatasi za mpakani, bima na mafuta vitanila. Nimepiga hesabu mara mbili na bado naona twende. Mke wangu amekubali kwa sharti moja, buti irudi imejaa unga wa mahindi, maana bei ya mfuko wa unga hapa imepanda tena.