Familia ya Mahon na wakulima wa Strokestown

Jamani hii historia ya kina Mahon wa Strokestown, kule Roscommon, Ireland, imenikaa rohoni kwakweli. Ardhi waliipata karne ya 17, wakajenga jumba kubwa, wakulima wao wakabaki na vipande vidogo vidogo na kodi juu. Sasa 1845 Major Denis Mahon anarithi mali na mwaka huohuo ndo ugonjwa unaingia kwenye viazi, njaa kubwa inaanza, kodi hazilipiki, madeni kibao, basi zikapigwa hesabu ikaonekana kumsafirisha mtu Canada ni nafuu kuliko kumlisha!! 1847 watu 1,490 wakatembea kwa miguu hadi Dublin, wakavushwa Liverpool, wakapakiwa meli za Quebec, na wengi mno wakafa kwa homa baharini au wakifika Grosse Île, kisiwa cha karantini karibu na Quebec. Huo sio msaada hata kidogo, ni kufukuza watu. Novemba mwaka huo Mahon akapigwa risasi akafa.

Jumba liliuzwa 1979 kwa mfanyabiashara wa hapohapo, humo ndani yakakutwa makaratasi mengi tu, zikiwemo barua za wakulima wakiomba msaada, na 1994 pakafunguliwa makumbusho ya ile njaa. Mi naona zile barua zina thamani kuliko jumba lote.